Nani Anakula Kwanza

Kijibwa aliingia kwa mama ndani ya katoni ya misumari, na jambo la kwanza alilofanya ni kukojolea gambuti ya mama.

Mama aliinua mguu, akaitazama ile buti ya mpira. Akamtazama kijibwa, mwenye tumbo kama mfuko wa unga na miguu mikubwa ambayo mwili wake ulikuwa bado haujaifikia. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Maisha yake yote mama amesema kwamba mbwa ni mlinzi, mbwa ni wa nje, mbwa hana haja ya kushikwashikwa. Hoja zangu nilikuwa nimezipanga njia nzima kutoka Nanyuki hadi Chaka: mbwa wetu mkubwa amezeeka na haisikii tena hata pikipiki ikipita kando ya ua, kondoo wanalala karibu na barabara, wewe unaishi peke yako, mimi niko Nyeri kazini. Sikuitumia hata hoja moja. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya jikoni.

"Ati ameanza kwa kuweka mpaka," alisema. "Huyu ni mpima mashamba."

Kijibwa nilipewa na mzee mmoja Mhindi mwenye duka la mabati na misumari mjini Nanyuki, ambaye mbwa wake alizaa nyuma ya stoo ya mbao. Ukoo wake umeuza mabati pale tangu kabla mama hajaolewa, na mzee huyo husema Kiswahili kama sisi watu wa mlimani. Aliponikabidhi katoni alinipa na onyo.

"Dada, hii iko na kichwa ngumu sana. Ikisumbua, usitupe. Niko na mtu wa Timau anaitaka, na Jumamosi atapita hapo kwenu Chaka akitoka Sagana. Wewe nipigie simu tu."

Nilicheka. Kijibwa wa ukubwa ule angemsumbua nani?

Jibu lilikuwa limelala kwenye gunia mlangoni pa jiko. Mbwa wetu mkubwa ni jike, mweusi, kifua cheupe, na sikio moja lilipasuliwa na waya wa ua zamani. Hatujawahi kumpa jina. Mama humwita "wewe", naye huitika. Alilelewa na kondoo, akazeeka na kondoo, na gunia lile la viazi lililokunjwa mara mbili ndilo kiti chake cha enzi. Kijibwa alipotolewa kwenye katoni, mbwa mkubwa aliinuka polepole, akaja, akamnusa kila upande bila haraka. Kijibwa akaanguka chali mwenyewe, miguu hewani. Mbwa mkubwa akarudi kulala. Kesi imesikizwa, kesi imekwisha.

Laiti tungeishia hapo.

Lakini kwa mama kuna utaratibu, na utaratibu huo ni mkubwa kuliko sisi sote: mgeni anakula kwanza. Nikiwa mtoto nilijua wageni wamefika hata kabla sijawaona, kwa sababu vikombe vya maua vilikuwa vimetoka kwenye kabati la kioo. Vikombe vya bati vilivyobonyea vilikuwa vyetu. Mgeni alinywa, akala, akaongezwa, ndipo sisi wa nyumbani tukakumbukwa, na kufikia hapo kuku alikuwa amebaki shingo na habari zake. Hakuna aliyelalamika. Ungelalamika kwa nani?

Kwa hiyo mama alifanya alilolijua. Alipasha maziwa moto, akayaonja asije akamuunguza mtu, akayamimina kwenye bakuli safi na kuiweka jikoni ndani, karibu na moto, mbele ya kijibwa. Kisha akatupia mbwa mkubwa makombo ya ugali pale nje, kama kila siku.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nilimwona mbwa mkubwa. Aliutazama ugali. Aliinua kichwa akatazama ndani, kwenye moto, kwenye bakuli, kwenye maziwa yanayotoa mvuke. Katika miaka yake yote hajawahi kuvuka kizingiti kile. Siku hiyo alikivuka.

Hakumuuma. Hilo nililiona wazi na nililisema baadaye, ingawa hakuna aliyenisikiliza. Alimkanyaga begani kwa mguu wa mbele, akamlaza chali, akasimama juu yake na kunguruma kwa sauti ya lori linalopanda mlima na mzigo. Kijibwa alipiga nduru kama anachinjwa. Mama naye akapiga nduru. Mwiko ukaruka. Maziwa yakazima nusu ya moto, na jiko likajaa moshi, na kwenye moshi huo mbwa mkubwa akafukuzwa, akafungwa mnyororo kwenye mti wa nyuma, mchana kweupe, kama mwizi.

"Si aibu?" mama alimwambia. "Mgeni! Hata hajamaliza kikombe!"

Kijibwa alipakatwa, akafutwa, akapewa maziwa mengine.

Kuanzia hapo boma letu lilikuwa kwenye vita, na nikiri kwamba sijawahi kucheka hivyo tangu nianze kufanya kazi ya mshahara. Kijibwa aligundua mambo mawili: kwamba akipiga nduru mama anakuja, na kwamba kwenye mikono ya mama hakuna anayemgusa. Basi akiwa amepakatwa, kidevu kwenye kiwiko cha mama, alimbwekea mbwa mkubwa matusi yote aliyoyajua, kama mtu anayetukana askari akiwa kwenye gari ambalo tayari limeondoka. Akiwekwa chini, ananyamaza ghafla na kukumbuka ana shughuli nyuma ya tangi la maji.

Mbwa mkubwa naye, alipofunguliwa, alianza kuziba milango. Alilala mlangoni pa jiko kwa upana, kichwa upande huu, mkia upande ule. Kijibwa akitaka kutoka, anatazamwa. Hakuna sauti, ni jicho tu. Kijibwa anakaa chini, anatazama paa, anajifanya hakuwa anakwenda popote. Kisha mama anafika, anasukuma mbwa mkubwa kwa gambuti, "Ondoka wewe, mtoto apite," na kijibwa anapita katikati kwa maringo ya harusi. Hatua chache baadaye analazwa chali.

Mambo yalizidi. Asubuhi moja nilikuta mbwa mkubwa ana damu kidogo kwenye mdomo na kijibwa anachechemea. Ilikuwa mkwaruzo tu, lakini kicheko kilinikauka. Likizo yangu ilikuwa inaisha. Nikirudi Nyeri, mama angebaki katikati ya meno haya peke yake, na mikono yake si ya kutenganisha mbwa.

"Mama," nilimwambia, "kama hawapatani kabla sijaondoka, nampigia yule mzee wa Nanyuki. Jumamosi mtu wa Timau atapita amchukue."

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Mchukue tu. Mbwa ni mbwa."

Kisha kiazi kikamteleza, akakiokota, akakimenya mahali palipokuwa pameshamenywa. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikawa saizi ya gololi. Nilijua basi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumpa mbwa jina, alikuwa ameshikwa.

Nikafanya ninachokifanya nikiwa sielewi jambo: nilikaa nikaangalia. Kazi yangu mjini ni ya kuuliza nani alifanya nini, wapi, na nani mwingine alikuwepo. Nilihamisha ndoo yangu hadi kwenye ukuta wenye jua, nikajifunika shuka kwa sababu ya ule upepo wa kwetu Kieni, na nikawa mwandishi wa habari za mbwa.

Wakienda malishoni ng'ambo ya mtaro na kondoo, mama akiwa amebaki nyumbani, hakukuwa na vita. Kijibwa alitembea nyuma ya mbwa mkubwa, pua kwenye mkia. Akimpita, anangurumiwa kidogo, anarudi nyuma. Mara moja alimrukia sikio lile lililopasuka, akalazwa chini, mguu begani, mngurumo mfupi. Nilisimama, tayari kukimbia. Lakini kijibwa alitulia, akageuza uso pembeni, akamlamba mkubwa pembeni mwa mdomo, na mbwa mkubwa akaondoa mguu na kwenda zake. Yote yalikwisha kabla sijavuka mtaro. Hakuna nduru, kwa sababu hakukuwa na wa kuisikia.

Vita vilikuwa nyumbani tu. Na nyumbani vilikuwa mahali palepale kila mara: mlangoni, kwenye bakuli, na kwenye mapaja ya mama. Sikuhitaji shahidi mwingine. Mbwa mkubwa alikuwa anamfundisha mtoto nafasi yake, kila siku, kwa subira. Na kila siku sisi tulikuwa tunamfunga mnyororo mwalimu na kumpa mwanafunzi maziwa.

Nilimweleza mama jioni hiyo jua likiwa bado kwenye miti. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye chakula.

"Mkubwa ale kwanza. Asalimiwe kwanza. Apite mlangoni kwanza. Huyu mdogo angoje."

"Angoje?"

"Angoje."

"Mgeni angoje?" Mama aliweka kisu chini. "Kwa hii boma? Watu watasema nini?"

"Watu gani, mama? Ni mbwa."

"Hata mbwa ako na macho. Si umesema wewe mwenyewe, yule mkubwa anaangalia? Na huyu pia anaangalia. Atasema alikuja kwa watu wachoyo."

"Atamwambia nani?"

Mama alifikiri. "Kondoo," alisema, na tukaangua kicheko wote wawili.

Mama huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Jina hilo lina faida zake. Nikiwa maitu, naweza kuamrisha kidogo. Nikishindwa, narudi kuwa "wewe msichana". Jioni hiyo tulifika katikati: tungejaribu mpaka Jumamosi. Kama kutakuwa na amani, kijibwa anabaki. Kama hakuna, Timau. Nilimpigia mzee wa Nanyuki kumwambia hivyo, naye akasema sawa, mtu wake angepita tu kwa vyovyote, ana magunia ya kupeleka.

Siku ya kwanza ya amri mpya ilikuwa kichekesho kitupu. Mama alitoka na bakuli mbili, akaweka ya mkubwa mlangoni na kumwambia kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Karibu, mzee wa boma!" Mbwa mkubwa alitazama nyuma yake kuona nani anaitwa. Nilimshika kijibwa kifuani kwa kiganja, mbali kidogo, nikimzuia bila kumpakata. Alilia. Alilia vile ambavyo jirani angeweza kuita chifu. Mama aliziba masikio.

"Maitu, utaniua."

"Usimwangalie."

"Nimeangalia ukuta. Ukuta pia unalia."

Mkubwa alikula polepole, kwa mashaka, akisimama kila mara kuangalia kama mwiko unakuja. Haukuja. Alimaliza, akajilamba, akasogea. Ndipo bakuli ya pili ikawekwa, upande wa pili wa uwanja, karibu na tangi. Kijibwa aliimaliza kabla haijatulia chini.

Asubuhi iliyofuata niliona mbwa mkubwa anafuata shuka la mama kila lilikokwenda, pua juu. Kijibwa naye vilevile. Mama alitembea uani kama bibi harusi na wapambe wake.

"Mama, una nini kwenye shuka?"

"Baridi."

"Baridi haina harufu ya chapati."

Alikuwa ameificha nusu chapati, ya mgeni. Nilimnyang'anya, nikaigawa mbele yake, kipande cha kwanza kwa mkubwa. Mama alinilalamikia mpaka adhuhuri, kwamba nimekuwa mkali kama polisi wa barabara kuu, kwamba Nyeri imeniharibu. Lakini baada ya chakula cha mchana nilimwona, akidhani niko chooni, akimsalimia mbwa mkubwa kwa kumkuna nyuma ya lile sikio bovu. Mbwa mkubwa alifumba macho. Nadhani hakuna aliyewahi kumkuna pale. Kijibwa alikuja mbio kutaka zamu yake, mkubwa akamngurumia bila kufumbua macho, na mama, badala ya kuruka, alibaki ameinama na mkono wake, amebana midomo. Kijibwa akakaa chini. Akangoja. Mama akamaliza na mkubwa, kisha akamkuna mdogo.

"Ai!" alisema peke yake, kwa mshangao wa mtu ambaye redio yake imewaka bila kupigwa.

Mlangoni ndipo palikuwa pagumu zaidi. Tulikubaliana kutomsukuma mkubwa tena. Akiziba mlango, tunamwita kwanza, anaamka kwa heshima, anatoka, kisha wengine. Ilituchelewesha. Kuna mara nilisimama jikoni na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, mkononi, nikimsubiri mbwa anyooshe mgongo kwanza, amalize kupiga miayo, afikirie mambo yake. Lakini hakuonyesha meno tena. Hakuwa na sababu. Alilala kwenye gunia lake, na siku ya Ijumaa nilitoka nikamkuta kijibwa amelala kwenye kona ya gunia hilohilo, kona tu, kitako kikiwa kwenye udongo, ameruhusiwa sehemu isiyozidi kichwa chake. Niliingia ndani kumwita mama kwa ishara. Tulichungulia mlangoni kama wezi, tumezibana midomo kwa viganja.

Jumamosi pikapu ilipiga honi langoni. Mtu wa Timau alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa kofia ya sufu, na alishuka akisema amesikia harufu ya chai tangu Chaka sokoni. Mama alimkaribisha kwenye kiti kilicho kivulini. Kikombe cha maua kikatoka kabatini. Kikatoka na sahani ya githeri, na viazi, na nyongeza kabla hajaomba. Kisha akatoa kikombe kingine cha maua na kunimiminia na mimi. Tangu nianze kazi Nyeri, mimi pia hupewa cha maua. Mara ya kwanza nilifurahi. Siku hizi nikikishika huwa sijui niweke wapi mikono.

Mgeni alipokwisha kula, mama aliamka kulisha mbwa. Nilijua anaringa. Alisimama katikati ya uwanja, bakuli kila mkono, akaita, "Mzee wa boma!" Mkubwa akaja. Kijibwa akakaa chini kando ya tangi, mahali pake, bila kushikwa na mtu, anatetemeka kwa hamu kuanzia pua hadi mkia, lakini amekaa. Mkubwa akala. Akamaliza. Akasogea hatua moja, akaacha kipande cha mfupa kwenye bakuli, sijui kwa kushiba au kwa kupenda. Kijibwa akaja chini chini, akamlamba mdomo, akauchukua mfupa. Mkubwa akamwacha.

Mtu wa Timau alipiga mapaja yake. "Mama! Hii imefundishwa! Mimi niliambiwa iko na kichwa ngumu. Hapana, hii naichukua leo leo. Hata katoni niko nayo kwa gari."

Niliweka kikombe changu chini. Katika mipango yangu yote mizuri sikuwa nimefikiria hilo, kwamba tukimtengeneza vizuri atatakiwa zaidi. Na nilikuwa nimempigia mzee simu. Na mgeni, kwa mama, hanyimwi.

Mama alipangusa mikono kwenye shuka, taratibu.

"Umeshiba?" alimuuliza.

"Nimeshiba sana, mama."

"Ulikula wa ngapi?"

Mtu alisita. "Mimi? Wa kwanza."

"Na huyu je?" Alionyesha kijibwa kwa kidevu. "Si umeona kwa macho yako? Huyu amekula wa mwisho kabisa. Baada yako, baada ya yule mzee pale." Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwenzake kwa kutojua jambo rahisi. "Mgeni naweza kukupatia akaenda na wewe. Lakini anayekula mwisho ni wa kwangu. Mtu hapeani mtoto wa nyumbani na githeri."

Mtu wa Timau alinitazama. Mimi nilitazama ukuta. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka kofia ikamwanguka, na kijibwa akaidaka na kukimbia nayo, na mkubwa akamfuata, akamlaza chali mbele ya banda la kondoo, akaichukua kofia mdomoni na kuiweka kwenye gunia lake. Tulilazimika kumwomba kwa heshima sana airudishe.

Mgeni aliondoka na gunia la viazi alilopewa kwa nguvu. Mbwa mkubwa aliisindikiza pikapu hadi langoni akibweka, na nyuma yake, pua kwenye mkia, kijibwa akabweka pia, akichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayejifunza wimbo.

Tuliporudi jikoni mama alivikusanya vile vikombe viwili vya maua, akavisuuza, akavirudisha kabatini na kufunga kioo. Akamimina chai iliyobaki chini ya birika, ile nyeusi yenye majani, kwenye kikombe cha bati kilichobonyea ubavuni, akanipa.

"Na githeri?" niliuliza.

"Imeisha. Kuna iliyoshika chini ya sufuria. Chukua kijiko ukwangue."

Nilikaa kwenye ndoo yangu, nikakwangua. Ilikuwa imeungua vizuri.